Bahari Ikitangulia Kuchimba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Makazi ya Kale ya Orkney

Kila nikigusia habari za visiwa vya Orkney mbele ya watu wa pwani yetu, maswali huwa ni yale yale, na mengine ni mazuri kuliko majibu niliyonayo. Nimeyaweka hapa pamoja. Mengine nimeyajibu kwa mistari miwili, mengine yamenipeleka mbali kidogo.

Orkney ndiko wapi?

Ni funguvisiwa lililoko kaskazini mwa Uskoti, ng'ambo ya mlango wa bahari wa Pentland. Visiwa vyenyewe ni kama 70, vinavyokaliwa na watu ni kama 20, na wakazi wote ukiwajumlisha ni kama 22,000. Uwanja wa Benjamin Mkapa wasingeujaza hata nusu. Mji mkuu ni Kirkwall. Kisiwa kikubwa kinaitwa Mainland, jina linalowavuruga wageni, kwa sababu mtu wa Orkney akitaja Mainland hamaanishi bara, anamaanisha kisiwa chake.

Kwa karne kadhaa visiwa hivi vilikuwa vya Wanorwe. Mwaka 1468, Christian I, mfalme wa Denmark na Norwe, alikuwa anamwoza binti yake Margaret kwa James III wa Uskoti, na fedha taslimu hakuwa nazo. Akaviweka Orkney rehani. (Kwao ni baba wa bibi harusi aliyetakiwa kutoa mali, si bwana harusi. Wenye mabinti mnaosoma hapa, shukuruni mila zenu.) Rehani haikukombolewa mpaka leo, na utaona huko mbele kwamba historia hiyo imewahi kufika hadi mahakamani.

Mmomonyoko unafichuaje kijiji kizima? Kwani kilizama?

Hakikuzama. Kilifukiwa.

Upepo wa Atlantiki huinua mchanga wa ufukweni na kuulundika nchi kavu. Karne zinapita, mchanga unakuwa vilima, majani yanaota juu, mizizi inashikana, na nyumba zinabaki chini kama chakula chini ya kawa. Ng'ombe wanalisha juu yake na hakuna anayejua kitu. Kisha inakuja dhoruba ya majira ya baridi. Mawimbi yanakula mguu wa kilima, sehemu ya juu inaning'inia, halafu inaporomoka.

Kinachobaki ni ngazi ya udongo iliyokatwa wima, na mwenye jicho anaisoma. Juu kabisa ni majani. Chini yake mchanga mweupe, shubiri moja au mbili. Halafu mstari mweusi wa majivu, usio mnene kuliko kiganja. Ndani yake magamba madogo ya konokono wa miambani, yale yenye umbo la kofia, na mfupa wa ng'ombe uliojichomoza nje. Chini ya hapo, mawe mawili bapa yamelazwa moja juu ya jingine, kingo zake zimelingana. Wimbi halipangi mawe hivyo. Hapo ndipo mtu anasimama na kuita wenzake.

Ubaya ni kwamba wimbi lililofunua ndilo litakalorudi kuchukua. Baina ya dhoruba ya kwanza na ya pili pengine ni mwaka, pengine ni wiki. Watu hudhani bahari inawasaidia wanaakiolojia. Inawaonyesha tu kile ambacho tayari imeanza kukila.

Imekuwaje nyumba za miaka 5,000 bado zina kuta?

Kwanza ni mawe. Orkney haina miti ya maana, ila ina mawe yanayopasuka kwa tabaka, bapa kama mbao zilizopasuliwa kwa msumeno. Mtu asiye fundi anaweza kupanga ukuta ukasimama. Kwingineko Ulaya watu wa zama zile walijenga kwa mbao, na mbao zimeoza.

Pili ni jaa. Watu hawa walikusanya taka zao, yaani majivu, samadi, magamba na mifupa, wakaziacha zioze zikawa udongo mzito, kisha wakazishindilia kuzunguka kuta za nyumba. Kwetu jaa ni mahali pa kupita haraka huku umeziba pua. Kwao lilikuwa blanketi: lilizuia upepo na kushika joto. Na kwa mwanaakiolojia jaa ni afadhali kuliko dhahabu, kwa kuwa humo ndimo mlo wa kila siku umeandikwa.

Tatu ni huo mchanga wenyewe. Umejaa magamba yaliyosagika, una asili ya chokaa, kwa hiyo mifupa haiozi haraka kama kwenye udongo wa tindikali.

Skara Brae iligunduliwaje?

Skara Brae ndiyo maarufu kuliko zote, iko ghuba ya Skaill, magharibi ya Mainland. Majira ya baridi ya 1850 dhoruba kubwa iliubandua udongo juu ya kilima na kuta zikatokeza. Mwenye ardhi, William Watt, akachimba mwenyewe na kufikia 1868 alikuwa amefunua nyumba nne, akaacha. Mwaka 1913 watu walikuja na makoleo wakajichukulia vitu kwa siku chache, na hakuna ajuaye viliishia wapi.

Mwaka 1924 bahari ilirudi ikameza sehemu ya nyumba mojawapo. Hapo ndipo serikali ilipoamka, ukuta ukajengwa, na Vere Gordon Childe, profesa wa Edinburgh, akachimba kuanzia 1928 hadi 1930. Childe alikuwa bingwa, lakini umri aliukosea: alidhani ni kijiji cha Wapikti, watu wa Zama za Chuma. Uchimbaji wa miaka ya 1972 na 1973 pamoja na vipimo vya kaboni ulionyesha kwamba watu waliishi pale tangu kama 3100 mpaka 2500 KK. Maana yake, kijiji kilikuwa na wajukuu na vilembwe kabla piramidi kubwa ya Giza haijaanza kujengwa. Mwaka 1999 UNESCO iliiingiza Skara Brae, pamoja na kaburi la Maeshowe na mawe ya duara ya Stenness na Brodgar, katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Ndani ya nyumba hizo kuna nini?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ninapopapenda.

Nyumba zinazoonekana ni nane, na nyingi zimeunganishwa na vichochoro vyembamba vilivyokuwa na paa. Unaingia umeinama. Mlango ulikuwa ubao au jiwe, na kwenye miimo yake kuna matundu ya komeo. Ukishaingia, katikati ya sakafu ni meko ya mraba iliyozungushiwa mawe. Kulia kitanda, kushoto kitanda, vyote ni masanduku ya mawe ambayo bila shaka yalijazwa majani na ngozi. Na mbele yako kabisa, ukutani mkabala na mlango, kuna rafu za mawe za ngazi mbili, zimesimama juu ya miguu ya mawe.

Aliyewahi kuingia nyumba ya kale ya Lamu atanielewa. Zile zidaka za ndani, mahali pa kuweka vyombo vya fahari ili mgeni avione. Sisemi kuna undugu wowote kati ya watu hawa na wale, wametengana kwa bahari na kwa maelfu ya miaka. Ila tamaa ya kumwonyesha mgeni ulicho nacho naona haihitaji kufundishwa.

Sakafuni kuna visanduku vya mawe vilivyozibwa kwa udongo wa mfinyanzi visivuje, pengine kwa kuhifadhi chambo au vyakula vya baharini. Chini ya nyumba ulipita mfereji wa maji machafu. Nyumba namba 8 haina vitanda, nayo imejaa vipande vya mawe yaliyochongwa, kwa hiyo inadhaniwa ilikuwa karakana. Chini ya ukuta na kitanda cha nyumba namba 7 walizikwa wanawake wawili.

Walikula ng'ombe, kondoo, samaki, shayiri. Kuna pia panya wa mashambani, aina ambayo Uingereza bara haipo kabisa na ndugu zake wa karibu wako Ubelgiji. Mtu aliwaleta kwa mashua, kwa kujua au kwa kutojua. Baadhi ya mifupa yao imeungua namna ya kuonyesha walichomwa, na watafiti wamesema huenda waliliwa. Wasomaji wangu wa Mtwara hawatashangaa.

Kitu ninachokipenda zaidi hakina thamani sokoni: kipande cha kamba iliyosokotwa kwa vijiti vya kichaka. Kilibaki kwa sababu kilikaa kwenye sehemu ya jaa iliyolowa maji muda wote. Ikikauka wiki moja, imekwisha.

Ni kweli walikimbia dhoruba wakaacha kila kitu?

Hadithi hiyo ni tamu na inatokana na ushanga. Katika mlango mwembamba wa nyumba mojawapo zilikutwa shanga zimetawanyika, na ikasimuliwa kwamba mwanamke alikuwa anajipenyeza kukimbia mchanga, mkufu ukakatika, hakurudi kuokota. Siku hizi wataalamu wengi wanaona watu waliondoka polepole: mchanga uliharibu mashamba, chumvi ikazidi, na namna ya kuishi ikabadilika pia, watu wakaacha vijiji vya kubanana wakatawanyika kwenye makazi yao wenyewe.

Na kitu kingine: enzi zile Skara Brae haikuwa ufukweni. Bahari ilikuwa mbali na hapo ilipo leo. Ghuba yote ile unayoiona pichani imeliwa baadaye.

Mbali na Skara Brae, wapi pengine bahari imefunua?

Orodha ni ndefu. Katika Papa Westray kuna Knap of Howar, nyumba mbili za mkulima za tangu kama 3700 KK, bado kuta zinamfikia mtu kifuani na zaidi. (Kwenda huko kutoka Westray ni safari ya ndege isiyofika dakika mbili, fupi kuliko safari zote za ratiba duniani.) Katika Sanday, mwaka 1991, lilichimbwa kaburi la Waviking mahali paitwapo Scar: mashua ya kama mita 6.5, ndani yake mwanamume, bibi mzee na mtoto, pamoja na upanga, kitana, kete 22 za mchezo na ubao mzuri sana wa mfupa wa nyangumi. Mbao zilishaoza, zikabaki misumari ya chuma zaidi ya 300 imejipanga kwa umbo la mashua. Ubavu mmoja bahari ilishauchukua. Hapo hapo Sanday, mwaka 2015, kwenye mchanga wa Cata Sand ambao maji huujia na kuuacha kila siku, ilionekana nyumba ya Zama Mpya za Mawe, na karibu nayo mashimo ya karne ya 19 yaliyofukiwa nyangumi.

Lakini mawili yanahitaji nafasi yake.

Links of Noltland kuna nini?

Iko kisiwa cha Westray, na mwizi mkuu pale ni upepo zaidi ya mawimbi. Majani ya juu yakishakatika, upepo hunyanyua mchanga chembe kwa chembe na kushuka mpaka kwenye sakafu za kale. Kinachotokea baadaye kinasikitisha kukitazama: vitu vya karne tofauti, vilivyokuwa juu na chini, vinatua pamoja kwenye usawa mmoja, na mpangilio uliokuwa unaeleza kipi kilitangulia unapotea. Ni kama kitabu kilichong'olewa jalada na uzi, kurasa zote zipo ila hazina namba.

Mwaka 2009 ilipatikana pale sanamu ndogo ya jiwe la mchanga, urefu wake kama sentimita 4 tu, ina macho mawili ya nukta na nyusi nzito. Wenyeji wanaiita Westray Wife. Ni miongoni mwa maumbo ya kale zaidi ya mwanadamu yaliyopatikana Uskoti, na imetunzwa hapo hapo kisiwani. Jengo lingine lilikuwa na mafuvu ya ng'ombe zaidi ya 20 yaliyopinduliwa na kujengewa ndani ya msingi wa ukuta, pembe zikiwa bado zipo. Ng'ombe wote hao ni mali kubwa kwa kijiji kidogo. Nani alitoa wangapi, na kwa sherehe gani, ukuta haukusema.

Palipatikana pia jengo la Zama za Shaba lenye birika kubwa katikati. Mawe yalichomwa moto, yakatumbukizwa majini. Watafiti wamewaza kwamba huenda palikuwa pa kujifukiza. Sisi tungesema nyungu ya jumuiya.

Na mifupa ya watu wa Zama za Shaba waliozikwa hapo ilifanyiwa uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa 2022. Ulionyesha kwamba wageni wengi waliingia kisiwani wakati ule, wengi wao wanawake, huku koo za kiume za wenyeji zikiendelea. Kwingineko Uingereza ilikuwa kinyume, koo za kiume za kale karibu zote zilifutika. Bila upepo kufunua makaburi yale tusingejua. Na bila kuwahi, mifupa ingekuwa unga.

Na huko Swandro, habari ya alama za mikono ni ya kweli?

Ni ya kweli, na ndiyo iliyonifanya niandike ukurasa huu.

Swandro iko kisiwa cha Rousay, chini ya ufukwe wa mawe makubwa ya mviringo. Chuo Kikuu cha Bradford na taasisi ya akiolojia ya pwani ya huko walichimba kuanzia 2010, majira ya kiangazi kwa kiangazi, mahali ambapo maji yakijaa vizuri yanafika kwenye shimo lenyewe. Bahari ilikuwa imepita chini ya mawe na kula majengo kwa ndani, hivi kwamba kwa juu huwezi kujua. Walipata nyumba za duara za Zama za Chuma, majengo ya Wapikti, hata sarafu ya shaba ya Kirumi ya karne ya 4.

Jengo moja dogo lilikuwa nusu chini ya ardhi. Unashuka ngazi, unapita ujia uliopinda, ndipo unafika. Ujia umepindwa kwa makusudi: mwanga usiingie. Mfua shaba anahitaji giza ili aone rangi ya chuma kilichoiva, maana rangi ndiyo kipimajoto chake. Muulize fundi yeyote wa kufua majembe, atakwambia vivyo hivyo. Sakafuni palikuwa na jiwe la kufulia shaba. Jiwe lilipotolewa na kusafishwa maabara, juu yake yalionekana mabaka meusi ya masizi: viganja vya mikono na magoti. Mfuaji alipiga magoti pale, akaegemea, akafanya kazi, akaondoka. Ni zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Masizi yale yalikuwa hatua chache kutoka kwenye maji ya chumvi. Uchimbaji ulifikia tamati 2024. Watafiti walijua tangu mwanzo kwamba hapakuwa na namna ya kupaokoa mahali penyewe, walikuwa wanashindana kusoma kabla hapajafutika.

Hii ni mabadiliko ya tabianchi au bahari imekuwa hivi siku zote?

Yote mawili. Pwani hii imekuwa ikiliwa tangu hapo kale, ndiyo maana 1850 hakuna aliyesema habari za hewa ukaa. Uskoti bara ulikuwa umelemewa na barafu nene, na tangu iyeyuke ardhi imekuwa ikiinuka. Orkney haiinuki hivyo, iko pembeni na inashuka kidogo kidogo. Sasa ongeza usawa wa bahari duniani uliopanda kwa kama sentimita 20 tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na unaozidi kuharakisha. Sentimita 20 ukizitazama kwenye rula ni kichekesho. Ziweke chini ya wimbi la dhoruba siku ya bamvua, uone wimbi linafika wapi.

Si wajenge ukuta tu?

Skara Brae wamejenga, na bila ukuta ule leo tungekuwa tunaangalia picha. Lakini ukuta haumalizi nguvu ya bahari, unaisukuma pembeni. Pale ukuta unapokomea, mawimbi yanakula udongo kwa kasi, na pwani ya pande zote mbili inarudi nyuma huku kijiji kikibaki kimejichomoza kama rasi. Mwisho wake maji hutafuta njia ya kuzunguka nyuma. Waliowahi kuona kuta za kukinga bahari pale ufukweni Dar es Salaam au Mombasa wanaijua tabia hiyo: hoteli iliyojenga inapona, jirani anakwisha.

Halafu kuna hesabu. Maeneo ya kale Orkney yanahesabika kwa maelfu, na mengi yako ukingoni mwa maji. Huwezi kuizungushia nchi nzima zege.

Basi si wachimbe yote wayaweke makumbusho?

Swali zuri, nami nililiuliza. Kuchimba ndiyo sehemu rahisi. Kila mfuko wa udongo unatakiwa kuchekechwa, mifupa kuhesabiwa, chuma kulindwa na kutu, mbao kukaushwa kwa miezi, ripoti kuandikwa. Uchimbaji wa wiki sita unaweza kuzaa kazi ya miaka kumi. Kazi ya nje nayo ni ya kiangazi tu, kwani mwezi Desemba mwanga wa siku ni kama saa sita, na sehemu ya saa hizo ni mvua inayolazwa na upepo.

Na kuweka ndani si kuokoa moja kwa moja. Sanamu ya mfupa wa nyangumi iliyotoka Skara Brae miaka ya 1860, waliyoiita Buddo, ilidhaniwa imepotea zaidi ya karne. Mwaka 2016 ilikutwa kwenye boksi, ndani ya makumbusho ya Stromness. Ilikuwa salama salimini muda wote, ila haikuwa na mtu anayejua ipo.

Nani anaamua kipi kiokolewe na kipi kiachwe?

Shirika la serikali la urithi, Historic Environment Scotland, lina fedha na mamlaka juu ya maeneo yaliyoorodheshwa kisheria. Taasisi iitwayo SCAPE, yenye makao Chuo Kikuu cha St Andrews, imekuwa ikiandaa orodha ya maeneo ya pwani na kuyapanga kwa uzito na kwa hatari. Macho yao ni wananchi: mkulima anayetembeza mbwa, mwalimu mstaafu, mvuvi. Baada ya dhoruba wanapita ufukweni, wanapiga picha, wanatuma, wanasema pale palipokuwa na jiwe sasa pana tundu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu ya mpango mzima inayofaa kuigwa kwanza, kwa sababu haihitaji zege wala dola nyingi.

Kuna maeneo yanaachwa yaende. Yanapimwa kwa skana za leza, yanapigwa picha, yanachimbwa kidogo pale inapowezekana, kisha yanaachiwa bahari. Haisemwi kwa sauti kubwa, lakini ndivyo ilivyo.

Jengo haliwezi kuhamishwa?

Limewahi. Huko Meur, kisiwa cha Sanday, dhoruba ya 2005 ilifunua ufukweni jengo la Zama za Shaba lenye birika na mawe yaliyochomwa. Wanakijiji hawakutaka lipotee. Mawe yalitiwa alama, yakabebwa, yakapangwa upya kwenye kituo chao cha urithi. Mazingira yake ya asili yamekosekana, ni kweli. Ila mawe yapo, na watoto wa shule wanayashika.

Haya yote yanatuhusu nini sisi?

Kilwa. Mwaka 2004 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini, mojawapo ya sababu ikiwa mawimbi yaliyokuwa yakila kingo za kisiwa na kuta za ngome ya kale iitwayo Gereza. Kuta za kinga zilijengwa, mikoko ikapandwa, wanakijiji wakashirikishwa, na 2014 yakatolewa kwenye orodha hiyo.

Uhusiano wenyewe haukuishia kwenye kufanana. Mwaka 2019 Orkney ilikuwa ya kwanza miongoni mwa maeneo ya kiutamaduni ya Urithi wa Dunia kupimwa kwa utaratibu maalumu wa kuangalia jinsi tabianchi inavyoyatishia maeneo hayo pamoja na watu wanaoyategemea, na ikaonekana iko kwenye hatari kubwa. Baadaye utaratibu ule ule ulitumika Kilwa, wataalamu wa Kiafrika wakiwa wamefundishwa kuuendesha. Sisi tunayo mikoko, wao hawana. Wao wana watu wanaopita ufukweni na simu kila baada ya dhoruba. Kwetu, baada ya kusi kuvuma, mchanga huacha vigae na ushanga wazi, na mara nyingi wa kwanza kufika ni mtoto mwenye mfuko wa kuuzia watalii.

Nikiokota kitu ufukweni, ni changu?

Uskoti, hapana. Kitu cha kale kisicho na mwenyewe ni cha Taji, yaani dola ya mfalme, hata ukikiokota kwenye shamba lako, na unatakiwa kukitolea taarifa. Mwaka 1958 mvulana wa shule alikuta hazina ya vitu 28 vya fedha katika kisiwa cha St Ninian's, Shetland, majirani wa Orkney. Kesi ilifika mahakamani, hoja ikawa kwamba visiwa hivyo bado vina sheria ya kale ya Kinorwe ya umiliki wa ardhi, kwa hiyo kanuni ya Taji haivihusu. Mwaka 1963 mahakama iliipa Taji ushindi. Shetland nayo iliwekwa rehani na mfalme yule yule mwaka 1469, na rehani hiyo bado ilikuwa inazungumza.

Tanzania tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na Kenya wana sheria ya makumbusho na urithi ya 2006. Vitu vya namna hii vinalindwa huku na huko, kuviuza bila kibali ni kosa.

Kwa hiyo ukikuta kitu: kama hakiko hatarini kuchukuliwa na maji, kiache kilipo. Kipige picha ukiweka kalamu au sarafu pembeni ili ukubwa ujulikane, kisha piga nyingine ukiwa umerudi nyuma, ionyeshe ukingo mzima. Andika tarehe na mahali. Waarifu wanaohusika. Kama maji yanakuja na hakuna budi kukichukua, kifunge na udongo wake, kama kilikuwa kimelowa kibaki kimelowa, na usikioshe. Alama za mikono ya yule mfua shaba zilikuwa masizi tu.